Bagamoyo, ambako chumvi hutokwa na jasho

Wageni wanaofika Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, hukimbilia magofu ya Kaole, kanisa la Misheni na milango ya zamani ya Mji Mkongwe. Wachache hufika Nunge, upande wa kaskazini, ambako mashamba ya chumvi yametandazwa nyuma ya mikoko. Kwa mbali yanafanana na majaruba ya mpunga yaliyosahauliwa na mkulima: tuta, maji, tuta, maji, na hakuna hata jani moja la kijani.

Kazi ya hapa inategemea bahari na jua. Wakati wa bamvua maji huruhusiwa kuingia, kisha huhamishwa taratibu kutoka jaruba moja hadi jingine huku yakipungua. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvichumvi, na si zote zinafaa kwa mboga. Kwanza huzama jasi, ile ile inayotengenezewa chaki za shule. Maji yakiwa yamepungua kwa karibu sehemu tisa za kumi ndipo punje nyeupe zinaanza kujitokeza. Mwisho hubaki maji mazito, machungu kwa ulimi, yaliyojaa magnesiamu. Hayo hutakiwa kumwagwa. Mchumaji mwenye haraka akiyaacha yashikane na punje, chumvi yake itatokwa na jasho njia nzima hadi sokoni.

Jasho hilo lina sababu. Chumvi safi haivuti maji hewani mpaka unyevu wa hewa upite asilimia 75. Magnesiamu iliyobaki kwenye chumvi ghafi haisubiri kiasi hicho. Huvuta maji hata siku ambayo nguo zinakauka vizuri kwenye kamba. Na katika mwambao huu, alfajiri nyingi za mwaka hewa huwa imevuka hiyo asilimia 75. Usiku punje hulowa juu juu. Mchana jua likikausha, ule utando mwembamba wa maji ya chumvi huganda na kuunganisha punje na punje, kama saruji kati ya matofali. Usiku unaofuata hulowa tena. Baada ya wiki kadhaa za mchezo huo, mama anagonga kopo kwa mwiko na halitoki kitu.

Wapwani walishaizoea hali hiyo. Nyumba nyingi utakuta punje za mchele ndani ya kichupa cha chumvi, zimegeuka manjano kwa kukaa. Mchele hufyonza unyevu kidogo, na ukitikiswa huvunja madonge. Ni dawa ya kweli, ila ndogo. Viwandani wana dawa nyingine, na ndiyo iliyozua maneno.

Maneno ya dukani

Kwenye duka moja la mtaani mjini Bagamoyo, mama mjamzito mwenye mtoto wa miaka mitatu mkononi aliomba chumvi ya mawe.

"Mangi, nipe ile ya kwenye gunia. Hii ya pakiti sitaki tena."

"Kwani imekufanyaje, mama?"

"Wametuma kwenye grupu letu. Wanasema ina sainaidi."

Mangi alicheka, lakini aliigeuza pakiti akasoma nyuma. Kweli, kwa herufi ndogo kama vichwa vya siafu, paliandikwa neno refu la Kiingereza na namba inayoanza na E. Alilisoma mara mbili, akairudisha pakiti kwenye rafu, akapima chumvi ya gunia. Biashara ni biashara.

Hapo lawama si ya mama. Mtu akikuta neno lenye sainaidi ndani yake kwenye chakula cha mwanawe, ana haki ya kushtuka. Lawama ni ya wale wanaoandika orodha ya vilivyomo kwa lugha ambayo mnunuzi hasomi, kwa maandishi yanayohitaji miwani, halafu wanashangaa WhatsApp ikiwatangulia. Uvumi kama huo ulizagaa India mwaka 2019, na wala haukuanzia hapo.

Neno lenyewe ni ferosainaidi. Ipo ya sodiamu, namba yake E535, na ya potasiamu, E536. Haifyonzi maji kama mchele. Inachofanya ni kuharibu yale maungio: utando wa maji ya chumvi unapokauka, badala ya kuganda kuwa saruji ngumu, huota vijitawi dhaifu ambavyo kidole tu kinavivunja. Ndiyo maana kinachohitajika ni kidogo mno. Katika Umoja wa Ulaya, kiwango cha juu ni miligramu 20 kwa kilo nzima ya chumvi.

Na sainaidi iliyo ndani? Imefungwa kwa chuma, na kifungo hicho ni kigumu kiasi kwamba asidi ya tumbo wala sufuria ya mchuzi haikifungui. Wenyeji wa pwani wana mfano bora zaidi wa kuelewa jambo hili kuliko kitabu chochote cha kemia, nao ni muhogo mchungu. Muhogo huo una sainaidi ambayo haikufungwa vizuri. Ukiukata na kuutafuna, inaachiliwa. Bibi zetu waliuloweka, wakauanika, wakautwanga, kwa sababu walijua. Pale njaa ilipowanyima watu muda wa kuuandaa, kama huko Tarime mwaka 1985, watu walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiorudi nyuma. Sainaidi ya muhogo mchungu na ferosainaidi ya chumvi zinashirikiana jina tu.

Kwa anayependa hesabu: kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani (WHO) iliweka kiasi kisichozidi miligramu 0.025 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtoto wa kilo 15, basi, asivuke miligramu 0.375. Kuifikisha, hata kama chumvi ina ferosainaidi ya kiwango cha juu kabisa cha Ulaya, ingebidi alishwe zaidi ya gramu 18 za chumvi kwa siku, yaani vijiko vya chai kama vitatu vilivyojaa. Chumvi yenyewe ingemuumiza kabla. WHO inamtaka hata mtu mzima asifike gramu 5.

Kilichoachwa kwenye rafu

Sasa turudi kwenye gunia la Mangi, maana hapo ndipo penye hatari. Chumvi ya gunia inaweza kuwa na madini joto, na inaweza kuwa haina. Kwa macho huwezi kujua. Kwa ulimi pia huwezi. Kipimo chake ni tone la dawa maalumu ambalo hugeuza chumvi kuwa rangi ya zambarau au buluu, na Mangi hana kipimo hicho chini ya kaunta.

Tanzania imekuwa ikitaka chumvi ya kula iwekwe madini joto tangu miaka ya 1990. Kabla ya hapo, Nyanda za Juu Kusini rovu lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba watu walihesabu shingo nene kuwa sura ya ukoo. Lakini rovu ndilo linaloonekana tu. Lisiloonekana ni ubongo wa mtoto aliye tumboni, ambao hujengwa kwa homoni zinazohitaji madini hayo. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku, robo ya miligramu. Mtoto wa chini ya miaka mitano anahitaji 90. Upungufu mkubwa huleta mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu, au mtoto anayechelewa kusikia, kusema na kuelewa, na hasara hiyo ikishaingia hakuna dawa ya kuirudisha. Kwa hiyo mama aliyeikimbia sainaidi isiyomdhuru alikuwa amebeba mfukoni chumvi ambayo pengine haina kile mtoto wake wa pili alichokuwa akikihitaji wiki ile ile.

Unyevu unahusika hapa pia. Wazalishaji wadogo wengi huweka madini joto kwa kunyunyizia, wengine kwa bomba la mgongoni kama lile la mikorosho. Chumvi ikiwa na majimaji, madini hayo yaliyoyeyuka huteremka polepole kuelekea chini ya gunia, na gunia likiwa linapitisha maji, huishia sakafuni. Anayechota juu anapata chumvi tupu. Chumvi kavu iliyofungwa vizuri huyashika. Kwa maneno mengine, kizuia kuganda na madini joto ni majirani: vyote vinakaa vizuri katika pakiti moja kavu.

Historia nayo iliviweka pamoja. Kampuni ya Morton ya Chicago ilianza kuchanganya kaboneti ya magnesiamu kwenye chumvi mwaka 1911. Mwaka 1914 ikaanza kujitangaza kwa picha ya binti mwenye mwavuli, mvua inanyesha, na chumvi inamwagika nyuma yake bila kushikana. Miaka kumi baadaye, 1924, chumvi hiyo ikaongezwa madini joto. Ilichekesha kidogo: magnesiamu iliyobaki kutoka baharini ndiyo inayoloanisha chumvi, na magnesiamu ya namna nyingine ndiyo iliyokwenda kuikausha. Kaboneti ni unga usioyeyuka kirahisi, unaozivaa punje na kunywa unyevu kabla haujazifikia. Silikati ya kalsiamu na silika hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Silika, E551 kwenye pakiti, ndiyo utakayokutana nayo zaidi ukitoka kwenye chumvi: kwenye viungo vya pilau vilivyosagwa, unga wa supu, maziwa ya unga, kahawa ya mashine. Kwa asili yake ni kitu kilekile kinachofanya mchanga wa ufukwe wa Bagamoyo, silikoni na oksijeni, ila hii ya chakula haina umbo la fuwele kama mchanga na imetengenezwa laini kupita kiasi. Gramu moja ya aina yake moja inayotumika sana, ikikunjuliwa, ina uso wa mita za mraba kama 200. Ndio maana chembe kidogo inatosha kukausha pakiti nzima. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliipitia tena mwaka 2024, ikijumuisha vyakula vya watoto wachanga, na haikuona tatizo kwa viwango vinavyotumika.

Hii haina maana kwamba kila namba ya E imepewa cheti cha maisha. Viongezwa vyenye alumini vilivyokuwa vikitumika kwa kazi hii hii vilipunguzwa Ulaya kuanzia mwaka 2012, baada ya kuonekana kuwa alumini inayoliwa kutoka vyanzo vyote inaweza kuvuka kiasi kinachofaa. Nayo talki, jiwe laini linalosagwa na kuwekwa kwenye vidonge ili mashine isikwame, haina shida tumboni, lakini ikivutwa puani ni habari nyingine. Kwa hiyo ile tabia ya kumpulizia mtoto poda shingoni na kwapani mpaka chumba kinakuwa cheupe ingefaa iachwe, hasa poda yenye talki.

Donge lina habari

Jikoni, donge la chumvi ni usumbufu tu. Linapondwa, linatumika. Chumvi iliyoganda haijaoza. Iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na mvuke wa sufuria, na uichote kwa kijiko kikavu. Ukipenda, weka chumvi chakula kikikaribia kuiva ili kisipotee kitu.

Donge kwenye unga wa lishe ni jambo tofauti kabisa. Unga unaosagiwa mtaani, wa mahindi, karanga, soya na mtama, haujawekwa chochote cha kuzuia kuganda. Ukishikana, umeingiwa na maji, na mahali palipoingia maji ukungu hauko mbali. Ukungu wa mahindi na karanga huacha sumukuvu, isiyoonekana na isiyokwisha kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi. Hapa kuchekecha madonge na kupika kilichobaki hakusaidii. Unga huo haufai kwa mtoto, hata kama ulinunuliwa jana kwa pesa ya mkopo. Na ni vizuri kusaga kidogo kidogo, hasa masika.

Kwa maziwa ya kopo ya watoto, yale ya mtoto ambaye kwa sababu ya kiafya hanyonyi, tatizo la donge ni kipimo. Kijiko cha ndani ya kopo kimepimwa kwa unga uliolegea na kusawazishwa. Kikijazwa donge lililoshindiliwa, maziwa huwa mazito kuliko inavyotakiwa, na figo changa hazipendi hivyo. Kikijazwa donge lenye mashimo, mtoto anashinda na njaa iliyojificha kwenye chupa iliyojaa. Kopo halikai kwenye friji, kwa sababu kila likitolewa kwenye joto la pwani linatoka jasho ndani. Baada ya kufunguliwa lina muda wake, ulioandikwa ubavuni.

Mlango wa pili

Jirani na duka la Mangi kuna duka la dawa muhimu, na humo ndani unyevu unaonekana kwa sura nyingine. Vidonge vimefungwa kimoja kimoja kwenye karatasi ya bati. Kuna wazazi hupenda kuvikamua vyote wakati mmoja na kuviweka kwenye kikopo ili iwe rahisi. Vidonge vya zinki vya mtoto anayeharisha, na vile vya amoksilini vinavyoyeyushwa kwenye kijiko cha maji, vimetengenezwa kusambaratika mara vinapogusa maji. Havitofautishi maji ya kijiko na maji ya hewa ya Bagamoyo.

Kile kifuko kidogo kinachokutwa ndani ya baadhi ya makopo ya dawa, chenye onyo la kutokula, kina silika ile ile, safari hii kwa umbo la shanga ndogo. Si sumu, hatari yake ni kumkaba mtoto mdogo akikimeza. Kiache kwenye kopo mpaka dawa iishe.

Pakiti ya ORS ndiyo yenye historia ya kuvutia zaidi. Glukosi na chumvi pamoja huvuta maji vibaya mno. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na magadi aina ya baikaboneti, na katika nchi za joto na unyevu pakiti ziligeuka kahawia na kushikana kabla hazijafika kwa mgonjwa. Katika miaka ya 1980 WHO na UNICEF walibadili, wakaweka sitrati badala ya baikaboneti, na unga ukadumu. Mchanganyiko wa sasa, wa mwaka 2002, una gramu 20.5 kwa lita moja ya maji: glukosi 13.5, sitrati 2.9, chumvi ya kawaida 2.6 na kloridi ya potasiamu 1.5. Anayechanganya nusu pakiti kwa kukadiria kwa macho anaharibu uwiano huo, na pakiti iliyoganda upande mmoja ndiyo inayomshawishi afanye hivyo. Pakiti nzima, lita nzima ya maji safi, inatumika ndani ya saa 24. Iliyotoboka, iliyoganda kuwa jiwe au kubadilika rangi inarudishwa dukani.

Muuzaji wa duka hilo, dada aliyevaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa akimwandalia baba mmoja chupa ya antibiotiki ya unga ya mtoto. Kabla ya kuifungua aliigonga mara kadhaa kwenye kiganja.

"Unagonga nini, dada?"

"Unga umelala chini, baba. Nikiweka maji hivi hivi, unabaki donge kwenye kona. Mtoto siku za kwanza anakunywa maji yenye rangi, siku ya mwisho anakunywa dawa yote kwa mkupuo."

Alitia maji kiasi, akatikisa mpaka chini pakawa hapana kitu, akaongeza hadi kwenye mstari, akatikisa tena. Kisha akaandika tarehe ya siku ile kwenye lebo, na chini yake tarehe ya kumwaga itakayobaki. Akamwambia aitikise kila mara kabla ya kupima, na asitumie kijiko cha chai cha nyumbani, kwa kuwa hakuna nyumba mbili zenye kijiko sawa.

Yule mama mjamzito alikuwa amesimama nyuma ya baba huyo, mfuko wa chumvi ya mawe mkononi, akisubiri vidonge vyake vya kuongeza damu. Zamu yake ilipofika aliuweka mfuko juu ya kaunta ya kioo. Ulikuwa umeacha alama ya maji.